Nani Atatisha?

Picha ya kutisha huanza na swali dogo: nani atatisha? Kabla ya kununua kanvasi na kabla ya kuchanganya rangi, mchoraji anapaswa kujua hofu itakaa kwa nani. Itakaa kwa mnyama? Kwa maiti? Kwa mtu mwenye kisu? Swali hilo linaonekana ni la ufundi tu, sawa na kuuliza mwanga utatokea upande gani. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili, na nataka kueleza sababu kwa kufuata picha moja niliyoichora kwa rangi za akriliki, kuanzia kanvasi nyeupe hadi vanishi.

Kazi yenyewe niliagizwa. Kijana mmoja anayeandika hadithi za kutisha na kuziuza kwa njia ya simu, sura moja kwa siku, alikuwa amezikusanya ziwe kitabu. Alitaka picha ya jalada. Alikuja chumbani ninakofanyia kazi, hapa Mwanza, akiwa na maelezo yote kichwani.

"Dada, nataka bibi," aliniambia. "Bibi kizee, amekaa gizani, uso umekunjamana, macho mekundu kama kaa la moto. Mtu akiliona jalada asilale."

Alikuwa ameshalipa nusu ya fedha. Na maelezo yake, kwa upande wa kazi, yalikuwa mazuri: sura moja, mwanga mmoja, rangi moja inayowaka katikati ya giza. Mchoraji yeyote angeiona picha hiyo mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kusita, kwa sababu haikuhitaji mchoraji. Watu wa huku kwetu walishaichora zamani vichwani mwao, na wengine wameitumia kuua.

Kwa msomaji asiyekaa Kanda ya Ziwa, niseme wazi. Usukumani, kwa miongo mingi, ajuza mwenye macho mekundu amekuwa mtuhumiwa kabla hajafanya lolote. Chanzo cha wekundu huo kinajulikana: ni moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni, kwa mabua ya pamba, au kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pale kuni zinapoadimika, huzeeka na macho mekundu. Kazi ya kulisha watu ndiyo inayompa alama ya kuogopwa na watu hao hao. Mtafiti Simeon Mesaki, aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameandika kuhusu hesabu za serikali zinazoonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara katika matukio yanayohusishwa na uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo ilikuwa Usukumani. Mauaji hayakuishia hapo. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ziliendelea kuhesabu mamia ya waliouawa ndani ya mwaka mmoja hata baada ya mwaka 2010. Na ukifuatilia chanzo, mara nyingi unakuta kuna mtoto aliyeugua ghafla, au kuna shamba, ng'ombe, urithi ambao mtu alikuwa anausubiri kwa muda mrefu mno.

Nilimweleza kijana hayo. Yeye ni mtu wa huku, alikuwa anayajua. Jibu lake lilikuwa na nguvu, na sitalipunguza.

"Dada, picha haiui mtu," alisema. "Wanaoua hawasomi vitabu vyangu. Halafu ukiniambia nisitumie kitu ambacho watu wanakiogopa kweli, nitatisha kwa kitu gani? Niandike habari za majumba ya Ulaya yenye theluji? Msomaji wangu haoti theluji."

Hoja ya pili ni ya kweli kabisa. Hofu haitengenezwi kwa kitu ambacho hakuna anayekiogopa. Mwandishi au mchoraji wa mambo ya kutisha hana budi kuchimba pale ambapo hofu ipo tayari. Na kuna raha halali katika kuogopa ukiwa salama. Aristotle aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: vitu ambavyo vikiwa mbele yetu vinatuumiza, kama vile maiti, tunafurahi kuvitazama vikiwa vimechorwa sawasawa, kwa sababu kutazama ni kujifunza, na kujifunza ni raha kwa kila mtu. Kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka kutishwa. Mimi mwenyewe nazipenda picha hizo.

Lakini mfano wa Aristotle una bahati moja. Maiti hadhuriki kwa kufanana na picha. Anayetazama yuko salama, na aliyechorwa hana tena cha kupoteza. Bibi mwenye macho mekundu hayuko hivyo. Yupo, anaishi nyumba ya tatu kutoka hapa, na kesho asubuhi ataenda kisimani. Usalama ambao picha inampa mtazamaji haumfikii yeye. Picha ikishatisha vizuri, hofu haibaki kwenye kanvasi. Mtazamaji anaondoka nayo, na akifika nyumbani inatafuta mtu wa kumkalia.

Na hilo la kwamba picha haiui mtu, historia ina la kusema. Mwaka 1510, mjini Strasbourg, msanii aitwaye Hans Baldung Grien alichapisha picha ya wachawi wakiwa uchi usiku, wakizunguka chungu kinachofuka, miongoni mwao akiwamo mwanamke mzee mwenye ngozi iliyolegea. Ilikuwa kazi ya fundi hodari. Baldung hakumchoma mtu. Lakini picha za namna hiyo zilizidi kuenea, na katika karne mbili zilizofuata mahakama za Ulaya zilikuwa zikiwaua watu kwa tuhuma za uchawi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba jumla yao, kwa kipindi chote cha mateso hayo, ni kati ya 40,000 na 60,000, wengi wao wanawake. Sababu zilikuwa nyingi: sheria, dini, njaa, vita, husuda za majirani. Picha peke yake isingetosha. Kilichofanywa na picha ni kidogo na kizito: iliwapa watu sura. Mtu aliyekuwa na hofu isiyo na umbo alionyeshwa umbo, na umbo hilo lilikuwa la jirani yake asiye na mtetezi.

Sikuikataa kazi. Nilimwomba wiki tatu na ruhusa ya kutafuta. Alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Kabla ya kanvasi nilichora kwa penseli kwenye karatasi. Mchoro wa kwanza niliufanya kama alivyoagiza, kwa uaminifu, ili nione ninachokikataa. Ulinichukua dakika ishirini, na ulikuwa unatisha. Niliubandika ukutani, nikanywa chai nikiutazama. Kilichonisumbua ni kwamba ningeweza kutaja majina ya wanawake watano wanaofanana na sura ile, na ninawapenda watatu kati yao.

Mchoro wa pili nilijaribu kuukimbia uso. Niliweka kivuli tu, umbo refu jeusi pembeni mwa kitanda, bila macho, bila jinsia, bila umri. Nilidhani hofu isiyo na uso haiwezi kumdhuru mtu. Kisha nikamkumbuka Popobawa. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilitanda Pemba na Unguja. Waliosimulia hawakukubaliana juu ya umbo lake. Jina lenyewe linataja popo na bawa, lakini wengi walisema ni kivuli, ni harufu, ni uzito unaokulalia kifuani. Watu walihama vyumbani, wakalala nje kwa makundi wakizunguka moto. Na hofu hiyo isiyo na sura ilipata sura: mjini Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Kwa hiyo kumfuta uso mwenye kutisha si kumaliza deni. Nafasi uliyoiacha wazi itajazwa na mtazamaji, naye atajaza kwa mtu aliye karibu na asiyeweza kujitetea.

Mchoro wa tatu nilienda njia ya kicheko. Wachongaji wa Kimakonde, tangu Samaki Likankoa alipoanza kuchonga mashetani miaka ya 1950, wametuachia viumbe vyenye masikio kama mapapai, vidole pungufu na midomo inayoning'inia. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwaleta mashetani hao kwenye rangi, wakicheza ngoma, wakinywa pombe, wakigombana kama majirani. Hawafanani na mtu yeyote, hivyo hawamponzi mtu yeyote. Ni njia ya busara, na nadhani Lilanga alielewa jambo hili kuliko wengi wetu. Lakini mashetani wake hawatishi, wanachekesha. Kijana alikuwa amelipia hofu, na mimi nilikuwa nimepokea fedha ya hofu.

Wikiendi ile nilikwenda Kwimba kwa bibi yangu, mama yake mama. Nilitaka kuchora jiko na mikono. Bibi ana macho mekundu. Nilimchora akiwa amekaa kwenye kigoda, akichochea moto chini ya mafiga, moshi ukipanda na kukosa pa kutokea. Tuliongea Kisukuma, naweka maneno yake kwa Kiswahili.

"Macho yanakuuma, Bibi?"

"Yananiuma tangu mama yako hajazaliwa. Haya ni macho ya kuwapikia watoto wanane."

Baadaye nikamwuliza usiku anafanyaje, kwa kuwa analala peke yake.

"Mtu akipiga hodi namwuliza, wewe nani. Akitaja jina namfungulia."

"Na akiwa mtu usiyemjua?"

Alicheka. "Nisiyemjua atakuja kufanya nini kwangu usiku, mjukuu wangu?"

Sikuweza kuendelea kuchora kwa dakika kadhaa. Katika maneno hayo kulikuwa na kila kitu ambacho kijana alikuwa anakitafuta. Hofu haikuwa ndani ya jiko. Ilikuwa nje ya mlango, na ilikuwa inajua jina la kutaja.

Niliporudi Mwanza nilianza kazi yenyewe. Kanvasi ilikuwa ya sentimita 60 kwa 90, imesimama. Niliipaka praima mara mbili, nikapitisha msasa mwepesi katikati, kisha nikaifunika yote kwa kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa maji mengi. Hatua hii wanafunzi huiruka. Nyeupe hudanganya: kila rangi unayoweka juu yake huonekana nzito kuliko ilivyo, na picha ya usiku iliyoanzia kwenye nyeupe huishia kuwa ya jioni.

Rangi za akriliki ni unga wa rangi uliochanganywa na plastiki iliyo ndani ya maji. Maji yakishakauka, plastiki hushikana na haitoki tena. Za kuzimua kwa maji, hizi tunazotumia wengi, ziliingia sokoni Marekani miaka ya 1950, kwa hiyo katika historia ya uchoraji ni rangi changa. Kwa joto la Mwanza tabaka jembamba hukauka kwa dakika chache. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kurudi kesho akakuta shavu bado bichi, akalilainisha. Wa akriliki hana kesho hiyo. Huwezi kufuta, unafunika tu. Ndiyo maana napenda kuamua mapema.

Giza nililitengeneza kwa kuchanganya buluu nzito ya ultramarini na kahawia iliyoungua, wala sikutumia nyeusi ya tyubu. Nyeusi ya tyubu ni kama shimo, jicho likiingia halioni kitu. Giza la mchanganyiko lina pande mbili: ukiongeza kahawia linakuwa giza la ndani ya nyumba, ukiongeza buluu linakuwa giza la nje. Ndani niliweka la kahawia, na nyuma ya ufa wa mlango nikaweka la buluu. Picha ilianza kuwa na mahali pawili kabla sijaweka umbo lolote.

Mwanga nao nikaugawa. Ndani kuna kaa chini ya mafiga, mwanga wa rangi ya chungwa unaopanda kutoka chini. Nje kuna tochi ya simu, mwanga mweupe wenye ubaridi unaopenya kwenye ufa na kulala sakafuni. Moshi niliuweka mwisho wa wiki ya kwanza, kwa nyeupe iliyozimuliwa sana kwa midiamu, tabaka juu ya tabaka, zaidi ya kumi, nikisubiri kila moja likauke. Akriliki ikiwa mbichi ina maziwa ndani yake, ikikauka maziwa huondoka na rangi huzama kidogo. Moshi ulioonekana mzito saa nne asubuhi, saa sita ulikuwa umepungua. Nikaongeza, nikasubiri, nikaongeza.

Kisha macho.

Nilikuwa nimefikiria kuyaacha, nimchore bibi kwa nyuma. Nikaona kwamba huko ni kumficha, kana kwamba macho hayo yana aibu. Wekundu upo, na ni wa kweli. Basi nikauliza swali la fundi: nyekundu ya kutisha na nyekundu ya kuuma zinatofautiana wapi? Zinatoka kwenye tyubu moja. Ukitaka jicho litishe, unaweka nyekundu kwenye mboni, unaizungushia giza, kisha unapaka wekundu hafifu kwenye kope na shavu ili ionekane jicho lenyewe linatoa mwanga. Ukitaka jicho lililoumizwa na moshi, mboni unaiacha ya kahawia kama ya mtu yeyote. Nyekundu unaiweka nyembamba kwenye ukingo wa kope na juu ya weupe ulioingiwa na umanjano, halafu nukta moja ya mwanga pale machozi yalipokusanyika. Jicho la kwanza linatoa mwanga. La pili linapokea mwanga kutoka kwenye moto ambao mtu huyo anaupikia. Tofauti yake haifiki nusu sentimita, na nadhani ndani yake mna sehemu kubwa ya swali ninaloliuliza hapa.

Bibi wa kwenye picha ameinuka nusu kutoka kwenye kigoda, mkono mmoja gotini, uso ameugeuzia mlango. Haogopi. Ana uso wa mtu aliyesikia sauti anayoifahamu. Pembeni ya moto kuna kigoda cha pili, kitupu, amekisogeza kwa ajili ya mgeni.

Kilichobaki kilikuwa mlango, na mkono ulioushika kwa nje. Hapa nilishawishika kwa namna nyingine. Ningeweza kuupa mkono ule kucha ndefu, mishipa iliyovimba, ngozi ya mjusi. Ungetisha, na ungekuwa upande wa haki: mnyonge ndani, shetani nje. Lakini huko kungekuwa kurudia jambo lile lile kwa kugeuza upande. Anayemchora muuaji kama zimwi anatwambia tusimtafute ndani ya ukoo, kwani kwetu hakuna mwenye kucha kama zile. Wauaji wa vikongwe hawana kucha. Ni vijana waliokodiwa, ni wajukuu, ni wapwa wenye madeni. Francisco Goya, mchoraji wa Hispania, alipochora ukutani mwa nyumba yake kati ya mwaka 1819 na 1823 picha ya Saturno akimla mwanawe, alimpa mlaji macho ya mtu aliyeshtushwa na anachokifanya. Ni jitu, lakini macho yake tunayafahamu. Ingekuwa ya mnyama tungelala vizuri.

Kwa hiyo nilichora mkono wa kawaida. Vidole vinne kwenye ukingo wa mbao, kucha zimekatwa, saa ya plastiki ya bei rahisi kifundoni. Panga sikuchora. Nilichora kivuli kirefu kwenye mwanga wa tochi sakafuni, ambacho kinaweza kuwa cha panga au cha fimbo ya kuchungia. Mtazamaji aamue, na akishaamua ajiulize amejuaje.

Bado kuna swali moja, na sitaki kulipita. Watu wamekufa kweli kwa milango ya namna hii. Je, ni halali kuchukua vifo vyao na kuvifanya jalada la kitabu kinachouzwa kwa ajili ya burudani? Goya huyo huyo alichora picha za maovu ya vita, zaidi ya themanini, na hakuzichapisha akiwa hai. Zilitoka mwaka 1863, miaka thelathini na mitano baada ya kifo chake. Mtu anaweza kusema huo ndio uungwana: vilio vya watu visiuzwe. Lakini picha zilizofungiwa sandukuni hazimkingi mtu. Na hadithi za kutisha zitauzwa tu, ziwe na jalada langu au la mwingine, na jalada la mwingine lingekuwa na macho ya kuwaka.

Nimejipa kipimo kimoja, na ninakitoa hapa kwa yeyote anayefanya kazi hii, awe mchoraji, mwandishi au mtengeneza filamu. Mchukue mtu anayefanana na kile ulichokichora. Msimamishe kando ya picha yako, mbele ya watu wanaotoka kuitazama. Je, watu hao watamsogelea au watamkwepa? Au watamfuata nyuma? Kama picha yako inamfanya awe hatarini kuliko alivyokuwa kabla hujaichora, basi uhodari wako umelipiwa na mtu ambaye hakununua tiketi. Kipimo hiki hakikatazi kutisha. Kinakataza kutisha kwa gharama ya mtu mwingine, na kinamlazimisha msanii kutafuta hofu mahali pagumu zaidi, ambapo mara nyingi ndipo ilipo ya kweli.

Wiki ya tatu niliiacha picha ikauke siku kadhaa, nikapaka vanishi isiyong'aa sana, mara mbili, kwa brashi pana. Vanishi hurudisha kina cha giza ambacho akriliki hupoteza ikikauka, na hapo ndipo mchoraji huiona picha yake kwa mara ya kwanza kama watakavyoiona wengine.

Kijana alikuja. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliuliza bibi anatisha wapi, nikamwambia atazame tena. Akatazama mlango, akatazama kigoda kitupu, akarudi kwenye mkono.

"Huyu anayepiga hodi ni nani?" aliuliza.

"Wewe ndiye mwandishi."

Alilipa nusu iliyobaki. Wiki iliyofuata aliniandikia kwamba hadithi ya kwanza ya kitabu hailingani tena na jalada, na kwamba ameanza kuiandika upya. Alilalamika kwamba hapati usingizi. Nilimjibu kwamba hicho ndicho alichokuwa ameagiza.

Kwimba nilikwenda mwisho wa mwezi, picha ikiwa kwenye simu. Nilimpa bibi aitazame, nikamwonyesha jinsi ya kuikuza kwa vidole. Aliyatambua mafiga yake, akacheka. Aliitambua mikono. Kisha akasogea hadi mlangoni mwa picha, na kicheko kikaisha. Alikaa kimya, simu ameishika karibu na uso kwa sababu ya macho.

"Mwambie asifungue," alisema.

Kesho yake mjomba alinunua komeo, tukalifunga kwa ndani.